Aliyehesabu Mizunguko

Mbio za baiskeli za uwanjani haziendi popote. Anayekimbiza baiskeli kutoka mji mmoja hadi mwingine huacha barabara nyuma yake, na miaka hamsini baadaye mtu anaweza kusimama kwenye kilima kilekile akasema hapa ndipo fulani alipomwacha mwenzake. Waliozunguka usiku na mchana ndani ya kumbi za Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 hawakuacha kilima wala kona. Njia yao ilikuwa ya mbao. Mafundi waliipigilia ndani ya ukumbi kwa ajili ya wiki moja tu, na mbio zilipokwisha wakaing'oa ili ukumbi upangishwe kwa shughuli nyingine. Washindi walivishwa shada la maua, wakazunguka mara moja wakipunga mkono, taa zikazimwa. Kilichobaki ni karatasi: majina, mizunguko, pointi, saa na dakika. Anayetaka kuijua historia ya mchezo huu basi hana budi kuuliza ni nani aliyeshika kalamu, na kwa Ujerumani jibu, kwa sehemu kubwa, ni Fredy Budzinski, mwandishi wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1879 na kufariki mwaka 1970. Hoja yangu ni kwamba mtu huyu hakukaa pembeni akiutazama mchezo. Alikuwa mmoja wa walioujenga, sawa na seremala aliyepinda mbao na kijana aliyekanyaga pedeli, na kipimo cha haki cha kazi yake ni kile alichokihesabu na kukitunza.

Alizaliwa wakati baiskeli ya mashindano ilikuwa bado ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo mtu akianguka hutangulia kwa kichwa. Baiskeli ya magurudumu yaliyolingana, yenye mnyororo, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, na katika muda wa ujana wa Budzinski ikageuza kila kitu. Mwaka 1892 maofisa wa majeshi ya Ujerumani na Austria walishindana kwa farasi kati ya Berlin na Vienna, na aliyetangulia alitumia zaidi ya saa 71. Mwaka uliofuata waendesha baiskeli wakapewa njia hiyohiyo, kutoka Vienna hadi Berlin, na Josef Fischer wa Munich akafika kwa saa 31. Haikuhitajika hotuba ndefu kuwaeleza watu maana ya tofauti hiyo. Mwaka 1894 August Lehr wa Frankfurt akawa bingwa wa dunia mjini Antwerp, mwaka 1897 Willy Arend wa Hannover naye akatwaa ubingwa mjini Glasgow, na katikati ya hao wawili Fischer akashinda mbio za kwanza kabisa za Paris–Roubaix, mwaka 1896. Kijana wa Berlin aliyekuwa na macho na masikio katika miaka hiyo aliukuta mchezo mpya wenye mashujaa wake tayari, ila hauna bado kumbukumbu zake.

Aliyeingia kwenye uandishi wa habari za baiskeli wakati huo aliingia pia kwenye biashara ambayo gazeti lilikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja uliandaa mbio, wa pili ukaziandika. Kule Ufaransa Le Petit Journal lilianzisha mbio za Paris–Brest–Paris mwaka 1891, Le Vélo likashiriki kuizaa Paris–Roubaix, na mwaka 1903 gazeti la L'Auto likaanzisha Tour de France ili limshinde mpinzani wake sokoni. Ujerumani nayo ilikuwa na Rad-Welt, yaani dunia ya baiskeli, gazeti la Berlin ambalo Budzinski alilitumikia na kuliongoza kama mhariri mkuu. Wasomaji wake hawakulinunua ili wasimuliwe machweo ya jua juu ya uwanja. Walitaka kujua nani alishinda jana Leipzig, kwa tofauti ya urefu wa magurudumu mangapi, nani ameumia bega na atakosa mbio za Jumapili, nani ametoka Amerika na meli ipi. Mwaka 1901 Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1899, alifika Berlin kupambana na Arend, na ziara ya namna hiyo ilihitaji mtu wa kuieleza: rekodi za mgeni, mtindo wake, aliowahi kuwashinda. Habari hizo hazikuwa zimekaa mahali pamoja zikisubiri kuulizwa. Ilibidi mtu azikusanye kila siku, azipange kwa majina na miaka, na asitupe karatasi yoyote. Budzinski aliifanya kazi hiyo. Aliandika pia vitabu vidogo vya maisha ya waendesha baiskeli mmoja mmoja, vyembamba vya kuingia mfukoni, na huko nyuma ya sifa nyingi mtu hukuta orodha za mashindano ambazo pengine hazipo kwingine.

Lakini kazi iliyompa jina haikuwa kitabu. Ilikuwa kanuni. Mbio za siku sita zilianzia kwa Waingereza na Wamarekani, na mwaka 1891 ziliingia Madison Square Garden ya New York, ambako mtu mmoja alizunguka peke yake mpaka akaanza kuona vitu visivyokuwepo. Ukatili huo ukawachosha hata watunga sheria. New York ikapiga marufuku mtu kukimbia zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku, na kuanzia mwaka 1899 waandaaji wakapata njia ya kupita: jozi ya watu wawili, mmoja akizunguka, mwenzake akila au akilala. Mtindo huo ulivuka bahari. Tarehe 15 Machi 1909 mbio za siku sita za kwanza za aina hiyo barani Ulaya zilianza katika kumbi za maonyesho karibu na bustani ya wanyama ya Berlin, na Wamarekani Floyd MacFarland na Jimmy Moran wakaondoka na ushindi. Mwaka 1911 mbio zikahamia Sportpalast, ukumbi mpya wa Mtaa wa Potsdamer, na hapo zikawa sehemu ya maisha ya mji. Wenye fedha walikaa katikati karibu na meza za shampeni. Wasio nazo walipanda ghorofa ya juu kabisa, iliyoitwa dari la nyasi kavu, na kelele zilitoka huko.

Ugumu wa mbio hizi ulikuwa kwenye hesabu. Kanuni ya zamani ilisema jozi iliyozunguka mara nyingi zaidi ndiyo iliyoshinda. Ni kanuni safi, ila kwenye njia fupi ya mbao jozi nne au tano zenye nguvu zinaweza kulindana kwa siku sita bila yeyote kumpita mwenziwe mzunguko mzima. Ikifika hivyo, mashindano ya saa 144 yanaamuliwa na mbio za kasi za mwisho, sekunde chache tu, na aliyejituma tangu Ijumaa anaweza kushindwa na aliyejificha hadi Alhamisi. Tena watazamaji hawana sababu ya kuja siku ya tatu. Jibu lililotoka Berlin, ambalo Budzinski ndiye anayetajwa kuwa aliyelibuni, lilikuwa kuweka mbio za kasi katika saa zilizopangwa, kila moja ikiwa na pointi kwa wanaotangulia. Mizunguko ikabaki ndiyo mizani kubwa. Pointi zikawatenganisha waliolingana kwa mizunguko. Chukua mfano: saa nane usiku wa tatu, jozi ya kwanza haijapitwa na mtu na ina pointi 112, jozi ya pili nayo haijapitwa lakini ina 97, jozi ya tatu iko nyuma kwa mzunguko mmoja ingawa imekusanya 260. Ya kwanza inaongoza, ya pili inaifuata, na ile ya tatu, pamoja na utajiri wake wote wa pointi, inashika nafasi ya tatu mpaka itakapopata mzunguko wake. Pindi itakapoupata, itaruka hadi juu kwa mkupuo mmoja. Mtu wa ghorofa ya juu aliielewa hesabu hiyo bila kufundishwa, na akajua kwa nini inampasa kupiga kelele saa nane usiku.

Wajerumani wanaiita hesabu hiyo Berliner Wertung, hesabu ya Berlin. Ina alama ya mwandishi waziwazi. Seremala asingeibuni, kwa maana njia yake inabeba kanuni yoyote, na mwenye ukumbi angetosheka na matangazo makubwa zaidi. Aliyehitaji kitu kipya cha kuripoti kila asubuhi, na aliyejua kwa uzoefu kwamba msomaji huanza na jedwali kabla ya kusoma habari yenyewe, ndiye aliyeona kwamba mchezo haukuwa na sura ya kuandikika mpaka uhesabiwe upya. Mantiki hiyo imeishi kuliko kumbi zilizoizaa. Mbio za jozi zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney mwaka 2000, Waaustralia Scott McGrory na Brett Aitken walipata dhahabu kwa pointi, mizunguko ikiwa imelingana. Mizunguko kwanza, pointi baadaye: kanuni hiyo ilidumu hadi shirikisho la kimataifa lilipoamua, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, kwamba mzunguko uliopatikana ugeuzwe kuwa pointi 20. Waandishi wengi wa michezo huota kuandika habari itakayokumbukwa wiki moja. Huyu alibadilisha namna ya kumpata mshindi.

Hapa panazuka pingamizi la kwanza, na ni zito. Mwandishi anayebuni kanuni za mchezo, anayewatungia vitabu wachezaji wake, anayekula na waandaaji, anawezaje kuwa shahidi wa kuaminika? Mchezo aliouandikia ulikuwa ukiua. Katika mbio za nyuma ya pikipiki, ambamo mwendesha baiskeli hujibana nyuma ya pikipiki kubwa inayomkatia upepo, tairi likipasuka kwa kasi ile mtu hana pa kuangukia. Willy Schmitter alifia Leipzig mwaka 1905 akiwa na miaka 21. Peter Günther alifia Düsseldorf mwaka 1918. Tarehe 18 Julai 1909, miezi minne tu baada ya siku sita za kwanza, pikipiki moja ilitoka njiani kwenye uwanja mpya wa Berlin, ikaruka ukingo na kuwaka moto katikati ya watazamaji, na watu tisa wakafa. Gazeti lililoishi kwa mbio hizo lilikuwa na kila sababu ya kulia siku mbili kisha kutangaza mbio za Jumapili ijayo. Silikatai pingamizi hilo. Vitabu vidogo vya sifa viliandikwa viuzwe kwa mashabiki, na anayevisoma leo anapaswa kuvisoma kama anavyosikiliza wosia wa mtu aliye na deni.

Pingamizi hilo limepata nguvu zaidi katika zama za karibu kuliko zama za Budzinski. Mwaka 1997 Jan Ullrich alikuwa Mjerumani wa kwanza kushinda Tour de France, na nchi nzima ikawehuka kwa baiskeli. Televisheni ya umma ya ARD ilibandika nembo yake kwenye jezi za timu ya Telekom, ikawa na mkataba wa kumlipa Ullrich mwenyewe, na mmoja wa wakuu wake wa michezo akashiriki kuandika kitabu cha maisha ya bingwa huyo. Mwaka 1999 jarida la Der Spiegel lilipoandika kwamba timu hiyo inatumia dawa za kuongeza nguvu, timu ilikana na kwenda mahakamani. Ilibidi mwaka 2007 ufike ndipo Erik Zabel, Rolf Aldag na wenzao walipoketi mbele ya vipaza sauti na kukiri, na Julai ya mwaka huohuo, baada ya Patrik Sinkewitz kukutwa na dawa, ARD na ZDF zikakata matangazo ya Tour katikati ya mashindano. Mtu akisema kwamba ukaribu wa mwandishi na mchezo ndio ugonjwa wenyewe, mfano anao.

Hata hivyo mifano hiyo miwili haifanani. Aliyenunua Rad-Welt alijua ananunua gazeti la watu wa baiskeli. Jina lilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza, na maslahi yake yalikuwa peupe kama ya muuza samaki anayesifu samaki. ARD iliishi kwa ada ya kila kaya, ya shabiki na ya asiyejali, na ilidai kusimama juu ya mchezo huku nembo yake ikiwa kifuani mwa mchezaji. Tena kuna tofauti ya aina ya kazi. Sifa haiwezi kukaguliwa. Nambari inaweza. Mwandishi anayechapa kwamba jozi fulani ilipata mzunguko saa kumi na dakika ishirini alfajiri anajiweka mikononi mwa kila msomaji aliyekuwepo ukumbini alfajiri hiyo, na mwa kila mwandishi wa Paris au Brussels aliyeandika mbio zilezile. Ukaribu wa Budzinski ulimpa upendeleo, bila shaka. Ulimpa pia mlango wa kuingia vyumba vya wachezaji, orodha za waamuzi na kumbukumbu za miaka iliyopita, na humo alitoa mambo ambayo mtazamaji msafi asiyejuana na mtu asingeyapata kamwe.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa fasihi. Kama ni kuandika siku sita za Berlin, wanasema, zimeandikwa na watu wakubwa zaidi. Georg Kaiser aliziweka katika tamthilia yake ya mwaka 1912, ambamo karani wa benki aliyeiba fedha anafika kwenye mbio na kumwaga zawadi nono ili aone umati ukiungua. Egon Erwin Kisch, mzaliwa wa Prague aliyejulikana kama ripota wa mbio, aliandika habari ya siku sita ambayo bado inasomwa, akiufananisha uwanja na kinu cha kukanyaga kilichoviringwa kwa umbo la yai. Ni kweli, Kisch alikuwa mwandishi bora kwa mbali. Aliona upuuzi wa watu kumi na kadhaa wanaozunguka bila kufika, na umma unaolipa kuwatazama, akaugeuza kuwa picha ya dunia nzima. Ila ili awe picha ya dunia nzima, mwendesha baiskeli lazima apoteze jina lake. Kwa Kisch yeyote kati yao angetosha. Kwa Budzinski hakuna aliyetosha kwa niaba ya mwingine: huyu ni Walter Rütt, aliyeshinda New York mwaka 1907 pamoja na Mholanzi John Stol, yule ni Thaddäus Robl, bingwa wa dunia wa mbio za nyuma ya pikipiki mwaka 1901 na 1902, aliyehamia kwenye ndege na kufa nayo Stettin mwaka 1910. Fasihi ilikwenda Sportpalast usiku mmoja ikarudi na sitiari. Mwandishi wa baiskeli alikwenda kila usiku akarudi na majina. Jamii inahitaji vyote viwili, lakini sitiari ikipotea mwingine ataibuni nyingine, na jina likipotea hakuna wa kulibuni.

Umuhimu wa majina ulionekana kuanzia mwaka 1933. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo serikali ya Hitler ilitoa sheria ya wahariri, ikaanza kutumika Januari 1934. Uandishi wa habari ukawa kazi ya dola. Myahudi hakuruhusiwa kuifanya, wala mtu aliyeoa Myahudi. Budzinski wakati huo alikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na karatasi ambayo kizazi chake kiliijaza kwa miaka thelathini ikawa mali ya wenye amri. Mbio za siku sita nazo, zenye pesa zake, wageni wake na kelele zake zisizo na nidhamu, hazikuwapendeza watawala wapya. Baada ya mwaka 1934 zikakoma, zisirudi hadi mwaka 1949. Wimbo uliozoeleka kupigwa ukumbini, waltzi ambayo umati wa juu ulikuwa ukiikatiza kwa kupiga mluzi mara nne, ulikuwa wa Siegfried Translateur, mtunzi wa asili ya Kiyahudi. Alipelekwa Theresienstadt, akafia huko mwaka 1944. Ukumbi wenyewe uliendelea kujaa. Tarehe 18 Februari 1943 Goebbels alisimama Sportpalast akiuliza umati kama unataka vita kamili, na umati, chini ya dari lilelile, ukaitikia.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi kilichotokea kwenye karatasi ni Albert Richter wa Köln. Alizaliwa Ehrenfeld, mtaa wa wafanyakazi, mwaka 1912. Mwaka 1932, akiwa kijana asiyejulikana, alishinda mbio kubwa za Paris, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa wa mbio za kasi mjini Roma. Meneja wake alikuwa Ernst Berliner, Myahudi wa Köln. Richter alipoingia kwenye mbio za kulipwa alikuwa bingwa wa Ujerumani mwaka hadi mwaka, na katika mashindano ya dunia alimaliza karibu kila mara kwenye jukwaa la washindi, mara nyingi nyuma ya Mbelgiji Jef Scherens aliyekuwa rafiki yake. Mwaka 1934 alivaa jezi yenye tai wa zamani badala ya ile yenye msalaba wa Manazi. Ipo pia picha ya mwaka huo: watu waliomzunguka wamenyoosha mikono kwa saluti ya Hitler, yeye mikono yake iko chini. Picha hiyo haihitaji maelezo marefu. Mkono unaoning'inia kando ya paja, kati ya mikono yote iliyonyooshwa, ndio jambo zima. Berliner alipokimbilia Uholanzi mwaka 1937, Richter hakumwacha.

Tarehe 9 Desemba 1939, vita ikiwa tayari imeanza, Richter alishinda mbio za Berlin. Tarehe 31 Desemba alikuwa kwenye treni kuelekea Uswisi na baiskeli yake. Mpakani, Weil am Rhein, maofisa hawakuhangaika na mabegi. Walikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, wakachana matairi, wakatoa marki 12,700 zilizofichwa ndani, fedha za mfanyabiashara wa Kiyahudi wa Köln aliyekwisha kukimbia. Waendesha baiskeli wa kigeni waliokuwa kwenye treni hiyo waliyaona hayo. Waliona pia kwamba walioifungua baiskeli walijua wanachokitafuta. Siku mbili baadaye, tarehe 2 Januari 1940, Richter alikuwa amekufa katika jela ya Lörrach. Habari za kifo chake zilitoka tofauti tofauti: ajali ya kuteleza kwenye theluji, mara risasi mpakani, mara amejinyonga. Kisha gazeti la chama cha baiskeli, mrithi wa kurasa zilizokuwa zikipigia debe ushindi wake, likawaambia wasomaji kwamba jina lake limefutwa kwa wakati wote.

Katika sentensi hiyo ya kufuta namwona mpinzani wa tatu wa hoja yangu, na ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Karatasi, atasema, ni mtumwa wa aliyenayo. Kalamu iliyohesabu mizunguko ndiyo iliyofuta jina, basi kuna fahari gani katika kuhesabu? Namjibu kwa kutazama nini kilifutika na nini hakikufutika. Maelezo yalifutika. Sifa zilifutika. Chama kiliweza kuamuru kwamba Richter asitajwe tena, na kweli kwa miaka mingi Ujerumani Magharibi haikumtaja sana. Berliner alipojaribu katika miaka ya 1960 kuifanya sheria ichunguze kifo hicho, hakupata hukumu. Ila hakuna aliyeweza kurudi nyuma na kuyang'oa matokeo ya mwaka 1932, 1933, 1934 na kuendelea kutoka kwenye magazeti yaliyokwisha kuchapwa Berlin, Paris, Brussels na Amsterdam. Jina lilikaa kwenye majedwali, nafasi ya kwanza, nafasi ya pili, tarehe, uwanja. Ujerumani Mashariki ilimtolea stempu mwaka 1963, katika seti ya wanamichezo waliompinga Hitler. Mwaka 1989 ikatoka filamu ya maandishi iliyomtafuta, na mwaka 1998 Renate Franz, mtafiti na mwandishi wa baiskeli wa Köln, akachapisha kitabu kinachomwita bingwa wa dunia aliyesahauliwa. Mtu huwezi kumtafuta bingwa aliyesahauliwa kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa bingwa. Jedwali kavu, lile ambalo mpenzi wa fasihi hulipita bila kulitupia jicho, ndilo lililomhifadhi Richter mpaka watu wakawa tayari kumuuliza habari zake.

Budzinski aliishi miaka tisini na ushei. Mwaka aliofariki, 1970, Eddy Merckx alishinda Tour de France kwa mara ya pili, juu ya baiskeli ambayo mtoto wa mwaka 1879 asingeitambua, na miaka mitatu baadaye Sportpalast ikabomolewa. Alichokusanya hakikubomolewa nayo. Picha, vitabu na vipande vya magazeti vya mkusanyiko wake vimo katika maktaba ya chuo kikuu cha michezo cha Köln, ambako mtafiti huvikuta vikiwa na jina lake. Chuo hicho kiko Müngersdorf, magharibi mwa mji. Katika eneo hilohilo, umbali wa kutembea kwa miguu, upo uwanja wa baiskeli uliojengwa miaka ya 1990, wenye njia ya mbao isiyong'olewa kila wiki. Unaitwa uwanja wa Albert Richter.